Mshale kwenye Paja la Tonton Gaston

Jumatatu, 2 Novemba 2009
Tumepasua ngiri tatu leo. Zote za kinena, zote kwa matundu madogo. Mimi kamera, kama kawaida. Mkubwa, daktari bingwa wangu, anapasua, mimi namshikia jicho. Mgongo unauma. Wavu wa mgonjwa wa pili uligoma kufunguka. Unakunjwa kama sigara, unasukumwa kwenye bomba, ukifika ndani unatakiwa ulale wazi juu ya tundu la ngiri na kulipita pande zote. Kona moja ikijikunja, ngiri inarudi. Mkubwa aliinyoosha kona ile huku akipumua kwa pua. Kisha, bila kunitazama, akasema wiki ijayo wavu mmoja nitauweka mimi. Miaka minne Brussels nasubiri kusikia hivyo. Nilijibu "sawa" tu, nikaenda kukaa chini. Mgonjwa wa wavu huo ni tonton Gaston.

Jumatano, 4 Novemba
Saint-Gilles, kwa tonton. Namwita tonton, yaani mjomba, lakini si ndugu wa damu. Ni mtu wa kwetu Lubumbashi aliyenipokea nilipofika, akanilisha mwaka mzima. Anabeba magunia ya unga wa fufu kwenye duka moja la Chaussée de Wavre, na ngiri imetokea hukohuko. Anaogopa. Watu wa Matonge, mtaa wetu Wakongo, wamemjaza maneno: mwanaume akiwekewa wavu, habari yake imekwisha.

Nikachukua suruali yake kuukuu yenye mfuko uliotoboka. Nikaweka kiraka kwa nje, nikasukuma kidole kutoka ndani: kikabanduka. Nikakiweka kwa ndani: kadiri ninavyosukuma ndivyo kinavyojibana. Tumbo lenyewe ndilo linaloushikilia wavu. Maman Odile, mkewe, alielewa kabla yake, akadai nimrudishie kitambaa chake nilichofanya kiraka.

"Bon," tonton akasema. "Lakini ikuwe mukono yako. Kama haiko weye, minabakia na ngiri yangu."

Heri asingesema hivyo.

Ijumaa, 6 Novemba
Zamu mbili mfululizo. Baadaye mazoezi kwenye sanduku la plastiki, na kipande cha wavu uliokwisha muda. Ukafunguka. Ukajikunja. Ukafunguka. Pini za kushikiza wavu sikosei: chini ya mstari wa kinena hupigi kabisa, mishipa ya fahamu inapita pale, na mtu atalia kila akipanda ngazi. Mikono inajua. Kichwa ndicho kimejaa usingizi. Nililala kwenye metro, nikapitiliza kituo cha Porte de Namur.

Jumatatu, 9 Novemba
Tonton amelazwa. Nilimsimamisha, nikamwambia akohoe. Uvimbe, kulia. Akilala chali unapotea wote. Nikamchora mshale pajani kwa kalamu ya zambarau. Mshale ndio kila kitu. Mezani mtu analala, uvimbe haupo, na matundu yetu yako katikati, chini ya kitovu, kwa ngiri ya upande wowote.

Jioni wakaja kina mama wa maombi, maman Odile mbele, na chupa ya mafuta. Muuguzi akanuna. Nikamwambia awaache. Nilikuwa nimechoka kubishana, na sala haijamuua mtu wodini kwetu.

Jumanne, 10 Novemba
Tonton kalala kwa dawa. Muuguzi akasoma faili: kulia. Mkubwa akafunua shuka. Mshale uko kushoto.

"Nani kachora?"

Nikasema mimi. Si nilichora? Wiki nzima nimekohoza watu, kulia, kushoto, kulia. Nilijaribu kumwona tonton amesimama mbele yangu, nikawaona wote kwa pamoja. Faili kaandika karani, mshale kachora daktari. Mkubwa huamini mshale.

"Ni upande gani?"

Nikasema: sijui.

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikaongeza, kwa sauti nisiyoipenda, kwamba tuingie tumboni kabisa, tuchungulie pande zote kabla ya kugusa kitu. Mkubwa hapendi kuingia tumboni. Yeye hupita nje ya utando wa tumbo, kati ya utando huo na misuli, na huko unaona upande uliouchagua tu. Hata hivyo akaomba bomba lingine, la kuingilia tumboni.

Kushoto: safi, utando laini, hakuna kitu. Kulia: tundu la kupitisha vidole viwili.

Nikanyoosha mkono nipewe wavu. Mkubwa akauchukua yeye. Akaufungua mara moja, ukalala vizuri, akaufunika kwa utando. Mimi kamera. Picha haikutikisika hata kidogo. Nalia ninapoandika hivi, na najichukia.

Jumatano, 11 Novemba
Sikukuu. Wodi kimya. Tonton anatembea ameshika tumbo, anasalimia kila mlango. Anawaambia watu ni mimi niliyeweka wavu. Nilipita haraka.

Alhamisi, 12 Novemba
Maman Odile alikuja kumchukua. Akaninong'oneza kwa furaha kwamba Jumatatu mafuta yalifuta mshale wangu. Akaogopa nitagombezwa. Akatoa kalamu yake ya zambarau, ya kuandikia nyimbo za kwaya, akaurudisha. "Kulia, vile ulikuwa." Kulia kwake, amesimama mbele ya mumewe. Kwa hiyo kushoto kwa tonton.

Hasira ilinijia. Nikamwambia siku nyingine amwite muuguzi. Sikumwambia zaidi.

Nikamweleza mkubwa yote. Hakukasirika. Akasema hata kalamu ikifanana, nilipaswa kuutambua mkono wangu. Kisha akanipa mapumziko mpaka Jumanne. Sikumwuliza kama nitapewa wavu mwingine. Sidhani.

Jumapili, 15 Novemba
Chakula kwa tonton, baada ya kanisa. Yeye kitini, mto mgongoni. Maman Odile alikuwa jikoni akipika sombe, kisamvu cha kwetu. Tonton akaniuliza polepole, kama mtu anayejua jibu na anataka kulifurahia tu.

"Ni mukono yako njo iliweka wavu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Chaussée de Wavre nzima imeshaambiwa ndiyo.

"Hapana, tonton. Ni mukubwa. Miye nilishika kamera. Aliniuliza ngiri iko upande gani, nikasema sijui. Ndiyo maana akachukua wavu yeye."

Nikangoja anitukane. Akajishika kinena, kulia, kisha kushoto, ambako hakuna maumivu.

"Na kama ungesema unajua?"

Akatikisa kichwa taratibu, akanisogezea sahani yake mwenyewe ya karanga.

"Kula, mutoto. Umekonda."

Maman Odile akaleta sombe na bukari, ugali wa kwetu, akauliza mbona kimya. Tukasema njaa. Nilikula sana. Baadaye nikajilaza kwenye kochi lao kidogo tu, na nilipofungua macho kulikuwa na giza, nimefunikwa blanketi, televisheni inaonyesha bila sauti.