Maharagi Niliyobeba Mpofi

Dada yangu Anastazia,

Furahi huko uliko. Yozefu wangu anaoa! Tena sasa iko infirmier, anauguza wagonjwa, anavaa bluzi nyeupe, na daktari muzungu mwenyewe anamwachia sindano. Mutoto wa tumbo langu! Uwaambie malaika.

Lakini binti aliyemupenda ni wa Mpofi, kule porini, na mama yake, Mama Helena, alikuwa amekataa. "Watu wa milima wanazarau chakula chetu. Mutoto wangu hataenda kusikia njaa kwao." Ikabidi niende kumuomba mimi mwenyewe. Na wewe uliyeolewa Walikale, mu pori lilelile, miaka yote ile, sasa hauko tena. Nani angenifundisha?

Basi nilitembea siku tatu nikirudilia maneno yako, yale ulinipa uliporudi kwetu Lushebere, tukipalilia maharagi. "Usiingie mbio. Simama inje, kohoa, ngoja waseme karibu. Kitu wanakupa, pokea na mikono mbili. Usiulize ni nyama gani. Na wewe mwenye mudomo, usisifu watoto wako. Ngoja wenyeji wakuulize." Dada, hiyo ya mwisho iliniumiza kuliko milima yote!

Nilikohoa. Nilipokea maji na mikono mbili. Juu ya bluzi nyeupe nilinyamaza mupaka shingo ikavimba. Halafu binti akafungua kitunga changu atoe zawadi, na mbele ya wote akatoa maharagi yaliyopikwa, nimeyafunga mu majani ya ndizi.

Mama Helena akayaangalia. "Mama, umekuja na chakula chako? Chungu chetu kiko na shimo?"

Wewe ulinikataza, ninajua. "Ukibeba chakula kilichopikwa, unawaambia hawana moto." Sikusahau, Dada. Niliogopa tu. Nikaona ndoa ya Yozefu inaanguka pale chini, karibu ya yale maharagi.

Nikasema kweli: "Mama, niliogopa chakula cha pori. Ni ujinga wangu. Muweke hii pembeni, munipe chenu."

Wakaleta funza wanene wa muti wa mawese, wanang'aa mafuta. Wa kwanza nilimumeza kama dawa, macho yamefungwa. Wa pili nikatafuna. Wa tatu... Dada, kwa nini hukuniambia iko tamu hivi? Nikalamba vidole, nikaomba tena.

Mama Helena akacheka mupaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. "Huyu mugeni atatumalizia pori! Aya, binti aende. Kwao hakuna mwenye atazarau tena." Halafu akageuka: "Na huyo kijana wako, anafanya kazi gani?"

Aliuliza mwenyewe, unasikia? Mwenyewe! Nilisema, nikasema, mupaka akaniletea maji nipumzike kidogo.

Wakati wa kurudi nilipita Lushebere mbio, nikukute, nikusimulie. Nikakuta musalaba wako na majani yaliyoota. Nikakaa pale. Nikakusimulia vilevile, na majani nikayang'oa.

Mukamwana wetu nitamufundisha ya kwetu, vile ulinifundisha ya kwao, tukipalilia. Nakuahidi. Na akizaa binti, ataitwa Anastazia, hata Yozefu akatae.

Lala muzuri, Dada. Siku yangu ikifika, nitasimama inje kwako, nitakohoa, nitangoja useme karibu. Sitabeba kitu kilichopikwa. Nitakuja na njaa.

Mudogo wako,
Mama Yozefu