Marita Anasema Alihudumiwa Vizuri

Tusekile, naandika majibu ya leo, ya ule utafiti wa jinsi wakunga wanavyowahudumia akina mama. Mkono umesimama. Hata hasira sina.

Unamkumbuka Marita, mfinyanzi wa hapa Lyulilo? Mimba yake ni kubwa sasa. Nikamuuliza, uzazi uliopita, kule kituo cha afya, wakunga walikuhudumiaje? Anasugua chungu, hanitazami. "Vizuri."

Nikaandika vizuri. Nimeshafunga begi ndipo nikauliza, vizuri vipi, dada?

"Hawakunipiga."

Hivyo hivyo, Tuse. Hawakunipiga.

Mwenzake wa kitanda cha pili alipiga kelele, akachapwa mapajani. Yeye Marita aling'ata kitenge akanyamaza, wakunga wakamsahau. Alijifungua peke yake, akatokwa damu mpaka akazimia.

Mama mkwe wake, aliyekaa kando, akadakia, "Mkwe wangu jasiri huyo, hakutuaibisha!" Wakacheka wote wawili. Wamecheka, Tuse.

Safari hii anasema atazalia nyumbani. Nikamwambia nina rafiki mkunga, nikakutaja wewe. Swali lake la kwanza: "Anapiga?"

Nikasema hapana, hapigi.

Akaweka chungu chini. "Basi aje anione kwanza. Nimtazame."

Njoo Jumamosi, nakuomba. Usimsubiri yeye aje huko kazini kwako, hatakuja.

Wiki nzima akina mama wamenijibu "vizuri", nami nikaandika, nikawashukuru, nikaondoka. Leo siwezi kuongeza neno. Nimefunika kalamu. Kesho narudi kwao wote, nianzie nyumba ya kwanza.