Mikwaruzo ya gunzi kwenye mitungi ya Mnyambe

Yasmini, Faudhia amenigeuka. Faudhia huyu huyu niliyemfundisha kufinyanga!

Ile mitungi ishirini ya maji tuliyopeleka shuleni Mnyambe, saba imepasuka ndani ya wiki moja. Leo mwalimu mkuu ametuita. Sijakaa vizuri, Faudhia akawahi: "Mwalimu, udongo wa Mama Kurwa ndio mbovu." Mbele yangu. Udongo wangu mbovu!

Nikaokota vigae, nikavitazama kimoja kimoja. Kila ufa umeanzia kwenye mkwaruzo wa gunzi. Kazi ya Faudhia ilikuwa kuisugua mitungi kwa kokoto kabla haijakauka, mpaka iwe laini kabisa. Kumbe alipitisha gunzi la mahindi tu, akaichoma hivyo hivyo.

Na anajua, Yasmini. Mwaka jana tulijaribu pamoja, vyungu laini na vyenye mikwaruzo, udongo ule ule, moto ule ule. Yeye mwenyewe alikuwa anapanga ndoo za mchanga juu yavyo, tuone vipi vitapasuka kwanza. Vyenye mikwaruzo vyote vilitangulia kupasuka.

Tulipotoka nje nikamuuliza, "Faudhia, kwa nini?"

"Ulitaka nisugue ishirini peke yangu? Wewe si mtu wa maneno, nilijua utanyamaza." Akacheka, akapanda bodaboda.

Udongo mbovu, kasema. Shule itachukua mitungi kwa fundi wa Masasi.

Kinachoniuma ni kwamba mwalimu aliniuliza, "Ni kweli, mama?" Kigae chenye ushahidi kilikuwa mkononi mwangu. Nikatazama chini, nikanyamaza.