Helikopta Isiyohitaji Mkia

Ijumaa, baada ya Alasiri. Azaiba, Maskati. Unyevu wa leo hata miwani inatoa jasho nikifungua mlango.

Helikopta yangu imezunguka.

Si ya kupanda mtu. Inakaa juu ya meza ya kulia. Nimeiiga ile ya majaribio ya zamani, iliyoendeshwa kwa jeti: injini inasukuma hewa ndani ya mapanga yenye uwazi, hewa inafyatuka nchani, mapanga yanazunguka. Yangu inatumia pampu ya kujazia matairi. Nimejifunza kwa picha na kwa kuharibu.

Helikopta ya kawaida, injini ikizungusha mapanga, tumbo nalo linataka kuzunguka upande wa pili. Ndiyo maana ina kile kipanga cha mkiani, kulishikilia. Hii ya jeti haikuhitaji wa kuishikilia. Ila ilikunywa mafuta kama ngamia aliyefika kisimani, na kelele zake, watu wakaiacha.

Na mimi nilijiona wa aina hiyo, nisiyehitaji wa kunishikilia.

Mke wangu, Mama Nasra, yuko Unguja, alikwenda kumuuguza mamake. Bi mkubwa kapona, alhamdulillahi, sasa anagombeza majirani. Jana Mama Nasra kanipigia: "Nikate tiketi, au nikae mpaka Ramadhani ipite?"

Nikamjibu, "Utakavyo."

Kwetu hilo ni jibu la heshima. Mume haonyeshi kuwa ana shida. Marehemu baba alilisema maisha yake yote, na mama akimfahamu. Lakini mama alikuwa chumba hicho hicho, akimwona uso. Simu yangu mimi haikuwa na uso.

"Haya," akasema. Aliyeoa Mzanzibari anaujua urefu wa hiyo haya.

Basi leo mapanga yalipiga mluzi mpaka bilauri kabatini zikalia. Nikasubiri ile sauti ya Mama Nasra ya jikoni, kama yupo: "Baba Nasra, watu wamejilaza! Ukitaka kuruka nenda uwanja wa ndege!" Kisha apite kufunga madirisha, moja moja, kanuna, huku akichungulia kama kweli dude linazunguka.

Nikazima pampu. Nikasikia friji.

Nikaiwasha tena, nikairekodi sauti ya mapanga, nikamtumia bila neno. Akajibu hapo hapo, kwa sauti yake: "Mashaallah, limezunguka! Na madirisha nani kayafunga?"

Niliisikiliza mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mzima.

Halafu nikaandika: "Hakuna. Yako wazi yote. Ile 'utakavyo' ya jana haikuwa kweli. Nna hamu nawe. Rudi kabla ya mfungo."

Kidole kikasita juu ya kitufe kama mgeni mlangoni. Nikatuma.

Kasoma. Anaandika. Kaacha. Anaandika tena.

Pampu bado inalia, na jirani keshakohoa mara mbili ukutani. Na akohoe. Madirisha siyafungi, kazi hiyo ina mwenyewe.