Fundi Saa Hajafungua

3 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo? Mgongo unasemaje? Mimi mzima, ila roho haitulii. Tangu nistaafu kazi ya maktaba namaliza vitabu viwili vya upelelezi kwa wiki, lakini wiki hii hata kimoja kimenishinda. Nafika ukurasa wa ishirini, nanyanyuka, nachungulia dirishani.

Ni huyu fundi saa anayekaa chini yangu. Leo siku ya nne hajafungua duka. Paka wake tunamwita Meneja, maana hafanyi kazi yoyote na kila mtu anamwogopa. Sasa amehamia kwangu, analia mlangoni kama mtu aliyetumwa. Nimemuuliza mpwa wa fundi, akanijibu huku anaangalia viatu vyake: "Amesafiri, mama." Amesafiri vipi, na miwani yake ya kazi naiona kupitia kioo cha duka, pale mezani? Mtu yule humuaga paka hata akienda kununua mkate!

Wewe ulikuwa mpelelezi wa polisi miaka thelathini. Nifanye nini?

Dada yako

9 Machi

Dada,

Shikamoo. Mgongo bado unanikumbusha umri. Barua yako imenichekesha mpaka jirani akagonga ukuta. Hivyo vitabu vitakutoa akili! Miaka yote ile sijaona paka akitoa ushahidi. Kazi yetu ilikuwa fomu, viti vigumu na chai iliyopoa. Watu wazima huondoka bila kuaga, na hurudi. Mpe paka maziwa, umalize kitabu chako.

Mdogo wako

14 Machi

Mdogo wangu,

Natumai u mzima. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaikunja, nikavaa viatu.

Kituoni askari wa zamu hakuinua hata macho. "Mama, nenda nyumbani, atarudi tu." Nikaanza kuzunguka hospitali. Ya kwanza hayupo, ya pili hayupo. Ya tatu muuguzi alinipeleka wodi ya wanaume, kitanda cha mwisho, karibu na choo. Kadi imeandikwa "Hajulikani." Alianguka barabarani kwa kiharusi, mdomo umepinda, hawezi kusema. Zaidi ya siku kumi, na hakuna aliyemuulizia!

Nikamwambia, "Fundi, Meneja anakula kwangu, na ananidharau vilevile." Machozi yakamtoka. Akanishika kidole, hakukiachia mpaka tulipofukuzwa wageni wote.

Mpwa naye si mhalifu. Waligombana, akaona aibu kusema hajui mjomba wake yuko wapi. Basi. Kitabu chenye mwisho kama huo ningekitupa.

Lakini wewe umenisumbua. Si kawaida yako kumcheka mtu mwenye wasiwasi. Kuna nini?

Dada yako

2 Mei

Dada,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Barua hii nimeiandika na kuichana sijui mara ngapi.

Mwaka wangu wa sita kazini, mama mmoja mshonaji alikuja kusema binti yake hajarudi kutoka kiwandani. Zamu yangu ilikuwa inaisha, nina njaa. Nikamwambia maneno yaleyale uliyoambiwa wewe. Sikuandika chochote. Siku ya tatu binti akapatikana katika shimo la ujenzi nyuma ya kiwanda. Daktari alisema siku mbili za mwanzo alikuwa bado hai.

Hakuna aliyeniuliza, kwa sababu hakukuwa na maandishi. Nikapandishwa cheo mwaka uleule.

Ndiyo maana vitabu vyako sivisomi. Mle ndani mpelelezi huwa hana njaa.

Mdogo wako

9 Mei

Mdogo wangu,

Nimekusoma mara tatu. Sitakuambia si kosa lako, ungejua nadanganya. Nakupenda vilevile.

Yule mama yu hai? Kama yuko, usiniandikie tena kabla hujaenda kwake.

Fundi ameanza kusema. Neno lake la kwanza lilikuwa tusi, wauguzi wakapiga makofi.

Dada yako

30 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimeenda.

Bado anashona, cherehani iko dirishani. Nilipoanza kujitambulisha akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Nakujua," akasema. "Miaka yote hii nikikuona njiani nahamia upande wa pili."

Nikasema yote, hata ile njaa. Hakulia, mimi ndiye niliyelia. Akaningoja nimalize kama mtu anayengoja mvua ipite.

"Msamaha sina leo," akasema. "Lakini wewe unajua pale walipomtoa. Mimi walinizuia nisione. Nipeleke."

Tukaenda kwa miguu, polepole, magoti yake mabovu na mgongo wangu huu. Siku hizi pale ni duka la matairi. Alimwomba mwenye duka asogeze matairi mawili, akasimama hapo, akaanza kusema na binti yake kwa sauti ndogo. Nikajitenga nisisikie. Wateja walipita wakimzunguka.

Baadaye akageuka. "Afande," akaniita, "twende."

Barabara ilikuwa imejaa magari. Akanishika mkono, tukavuka.

Mdogo wako