Taa Chini ya Mayai ya Chatu

Baba,

Yale mayai yameanguliwa. Sijui kama habari hufika huko uliko, ila nimeshindwa kukaa nayo peke yangu.

Siku ile ulirudi kutoka kijiji cha Sola na kapu la mayai kichwani. Wafyekaji wa shamba jipya la pamba walikuwa wamemuua chatu jike juu ya mayai yake. Wewe mcheza nyoka hukuogopa. Mimi nilibaki mlangoni. Ukaniambia, "Mama yao alikuwa akitetemeka ili wapate joto. Sasa zamu yetu."

Tukatafuta sanduku la mbao, ukalizungushia pamba kuta zote. Chini tukaacha nafasi ya koroboi, juu yake debe la maji, na juu ya debe chungu chenye maranda mabichi, mayai yakilala humo. Kila yai ulilitia alama ya mkaa upande wa juu, lisije likageuzwa. Joto ulilipima kwa mkono: liwe kama kwapa la mtoto aliyelala.

Kisha homa ikakushika. Ukaondoka, mayai bado mazima.

Kwenye mazishi Baba Mkubwa Luhende alikuja. Ndiyo, yeye. Tangu abatizwe hakukanyaga kwako kwa sababu ya nyoka, na wewe hukumfuata. Waombolezaji walitaka sanduku litupwe. Akaniuliza ni kitu gani, nikamweleza, nikidhani yeye ndiye atakayelitoa nje. Akapiga magoti, akaitazama taa, akauliza mafuta yako wapi. Akajaza mwenyewe.

Hakuondoka hata matanga yalipokwisha. Kila alipomaliza kusali alipitia sandukuni, akaingiza mkono kama wewe. Mkono wenu ni mmoja, Baba, hata kidole kile kilichopinda. Nilikuwa nageuka pembeni.

Mengine yalioza. Lakini asubuhi moja maganda yalichanika, vichwa vikachungulia, vidogo, vinang'aa. Tukawapeleka kwenye majani ya mto Simiyu. Wa mwisho alijizungusha kwenye vidole vya Baba Mkubwa, hataki kushuka. Hapo mzee akalia. Akasema, "Holo, mimi nilikuwa nangoja baba yako aanze yeye kuja kwangu."

Na wewe ulikuwa unangoja vivyo hivyo. Miaka yote hiyo, Baba! Kutoka kwako hadi kwake maji ya ugali hayachemki, mtu ameshafika.

Jana alipokuwa akirudi kwake aliniuliza kama ulikuwa ukimtaja. Nilisema ndiyo, nikaishia hapo.

Basi pumzika. Jumapili nitakwenda kwake, na nakuahidi nitamwambia yote uliyoyasema juu yake, hata yale ya hasira. Hayo ndiyo anayoyataka zaidi. Mtu hamkasirikii hivyo asiyempenda.

Mwanao,
Holo