Fundi Nilimwonyesha Kibla Siko, Sasa Nataka Kubomoa Ukuta

Mpendwa mshauri Bi Jokha, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usinicheke kwa mwandiko, shule niliishia la nne na barua hii naiandika kwenye simu kidogo kidogo leo siku ya tatu. Mimi naitwa Mikdad, nina miaka ishirini na tatu, naishi Mapinga, kazi yangu nalinda nyumba tatu za watu wa Dar, wenyewe wanakuja mara moja kwa mwezi na wengine hawaji kabisa, namwagilia maua, nafagia, naangalia geti, siku nzima inaweza ikapita sijatoa neno mdomoni zaidi ya kumfukuza mbuzi.

Swali langu ni la nyumba. Mama alifariki mwaka juzi akaniachia nyumba yake, ni chumba chake, chumba changu, sebule ndogo katikati na jiko nyuma, choo kilikuwa nje. Tajiri wangu mmoja alipomaliza kukarabati kwake akanipa marumaru zilizobaki, rangi tatu hazifanani, nikaona basi na mimi nitengeneze, niweke choo cha ndani, nipige lipu, nyumba ikae kama nyumba. Nikampata fundi mmoja anaitwa Husseni, mtu wa Ubena, mtu mzima ana mke na watoto huko kwao, hapa amepanga chumba karibu na barabara kubwa. Siku ya kwanza alivyofika, kabla hajaweka begi la vifaa chini, akaniuliza, "Dogo, umekula?" Bi Jokha, tangu mama afe hakuna mtu aliyeniuliza hilo. Nikamwambia nimekula, kumbe sijala, akajua, akanikatia nusu ya chapati yake.

Basi kazi ikaanza na mimi nikazoea. Nikisikia mwiko wake unakwangua ukutani huku naosha vyombo najisikia niko na watu. Anapiga stori za mafundi wenzake, za mkewe aliyemficha viatu asiende harusini, mimi nacheka tu, mimi kuangalia najua, kusema ndo sijui. Sasa kazi ilivyokuwa inakaribia kuisha roho ikaanza kunisumbua. Nikamwambia mlango wa jikoni unaotokea uani siupendi, autoe autie upande wa sebule. Akautoa. Baada ya wiki nikamwambia kumbe moshi unaingia ndani, aurudishe uani. Akaniangalia, akaurudisha. Akasema mwenye nyumba ni wewe.

Sasa ikabaki choo. Ilikuwa masika, mawingu siku ya nne jua halionekani, na nyumba yetu imekaa mshazari haifuati barabara, mtu mgeni akiingia ndani anapotea. Husseni akiwa ameshika sinki la choo mkononi akaniuliza, "Hapa kwenu kibla ni wapi?" maana unajua mwenyewe, choo hakielekezwi kibla wala hakiipi mgongo, kinakaa ubavu. Mimi najua kibla ya nyumba ile tangu sijaota meno, mama alikuwa anasali chumbani kwake ameelekea dirishani. Nikanyoosha mkono upande wa baharini. Sijui nikwambie nini, niliona kabisa mkono wangu unakwenda siko nikauacha uende. Niliwaza kimoja tu, kwamba akikikosea atakuja kukivunja aanze upya.

Na hilo bado dogo. Tangu siku ile akawa anasali adhuhuri na alasiri pale pale sebuleni, ameelekea nilikomwonyesha, na mimi nimesimama nyuma yake, namfuata. Siku nne, na mawingu hayakufunguka. Nikisujudu nasikia uso unawaka lakini nikiinuka nanyamaza.

Siku ya tano akaja Bi Ashura, jirani, kurudisha sinia, akatukuta tumo kwenye sala. Akangoja mpaka tukatoa salamu, akasema, "Nyie mnasali mmeelekea baharini, mnaomba samaki?" Husseni akacheka akidhani mzaha. Bi Ashura akachungulia chooni, akatoka ameshika kiuno, akasema, "Na choo ndo mmekielekeza kibla. Haya, mmegeuza kila kitu humu, bado paa tu."

Husseni hakuniangalia. Alisema, "Kosa langu, bi mkubwa. Fundi mimi, ningehakikisha." Akachukua nyundo na tindo akavunja sakafu siku ile ile, akakizungusha choo, akaweka zege upya, siku mbili, na senti hakutaka. Jioni ananawa mikono akaniuliza taratibu, "Hivi Mikdad, siku ile uliniambia upande gani?" Nikamjibu sikumbuki.

Mshauri, Bi Ashura si mtu mbaya lakini mdomo wake hauna komeo. Kufikia Ijumaa pale duka la saruji wanapokaa mafundi wakawa wanamwita Fundi Baharini. Akipita wanamuuliza leo upepo ukoje. Yeye anacheka nao. Lakini kuna mzee mmoja wa Vigwaza anaitwa Abdillah, anajenga madrasa, na vyoo vya madrasa na sehemu ya udhu alishampa Husseni kwa mdomo, kazi ya miezi mitatu. Ile habari imemfika. Ametuma mtu aseme anafikiria kwanza, maana hawezi kumpa choo cha madrasa mtu asiyejua kibla.

Tangu Jumatatu Husseni anakuja kwangu asubuhi, hakuna kazi, anakaa, begi la vifaa liko pembeni limefungwa. Tunakunywa chai. Amesema mpaka Jumapili mzee Abdillah asipojibu, anarudi Ubena kulima, mambo ya ufundi huku basi tena, jina likishachafuka haliogi.

Sasa ndo nikapata wazo. Kati ya sebule na chumba cha mama kuna ukuta. Naona nyumba za matajiri wangu sebule ni pana, mtu anaingia anapumua. Nikiubomoa ule ukuta Husseni atapata kazi ya wiki mbili hapa, hatoondoka, na sebule itakuwa kubwa. Lakini chumba cha mama kitakuwa hakipo tena, na mimi ndani nina kiti kimoja na mkeka, sijui hiyo sebule kubwa nitaweka nini. Naomba uniambie, ukuta nibomoe au nisibomoe? Na kama nikibomoa, mlango wa jikoni ubaki uani au uende upande gani? Nijibu kabla ya Jumapili. Mimi sina mtu mwingine wa kumuuliza.

Mikdad, Mapinga

*

Mikdad mwanangu, marahaba. Usibomoe.

Hilo la ukuta nimelimaliza, na nikupe sababu za fundi kabla ya za mshauri. Nyumba ya vyumba viwili ukiibomolea kimoja imebaki ukumbi wenye kitanda. Ukuta wa katikati ukiwa umebeba kenchi za paa, utalala chini ya turubai mpaka mvua iishe. Mlango wa jikoni uache hapo hapo uani, mama yako aliuweka huko akijua moshi unakwenda wapi, usiuguse tena. Kibla ya nyumba, umeniambia mwenyewe, iko kwenye dirisha la chumba chake, basi chumba hicho kifagie, tandika mkeka wako, kiwe mahali pa kusalia. Marumaru za rangi tatu, kama bado hazijawekwa, zichanganye chooni na jikoni, sebuleni piga sakafu ya saruji ya kawaida, ing'arishwe. Sebule yako haijakosa upana. Imekosa watu, na watu hawaletwi kwa nyundo.

Sasa kaa vizuri nikuseme, maana umeniandikia kuhusu ukuta na ukuta haukukosea kitu.

Nakuonea huruma, kijana. Kukaa siku nzima ukilinda maua ya watu wasiokuja, ukirudi kwako hakuna hata wa kukuuliza umerudi saa ngapi, hiyo inaumiza, na mtu aliyekukatia nusu ya chapati yake ni haki yako kutotaka aondoke. Lakini tazama ulichomfanyia mtu huyo. Umemdanganya mara ya kwanza kwa mkono, mara ya pili kwa kusema hukumbuki, na katikati umemwacha asujudu siko na wewe nyuma yake unaona. Habari ya sala hizo nenda kwa shehe umuulize, mimi si wa kukujibu. Habari ya jina lake ndiyo ninayokujibu. Mke wake na watoto wanakula kwa jina lile, na wewe unataka kumlipa kwa kazi ya wiki mbili ya kuvunja ukuta usiohitaji kuvunjwa. Huko si kumsaidia. Ni kumfungia ndani kwako kwa mara ya nne, baada ya mlango mara mbili na choo.

Na nikuulize, wewe unayejisifu kuangalia unajua. Fundi mtu mzima, amejenga vyoo miaka yote hiyo, mbele ya jirani akabeba kosa peke yake, jioni akakuuliza taratibu mkiwa wawili tu. Unadhani alikuwa amesahau? Alikufungulia mlango useme. Ukaufunga. Na bado anakuja kila asubuhi, kazi hana, anakunywa chai yako. Mtu hatoki kwake kufuata chai, Mikdad. Huyo anakungoja.

Basi fanya hivi, na ufanye kesho, Jumapili ni mbali. Akifika asubuhi usimwache akae. Mwambie, "Kaka Husseni, kibla niliijua, nilikuonyesha siko makusudi, kwa sababu nilitaka usiondoke." Mwambie yote hayo, hasa hilo la mwisho, hata kama sauti itakukatika. Usimpe sababu ya mawingu wala ya nyumba kukaa mshazari. Akikukasirikia, mwache akasirike, usimjibu.

Ukishamaliza, pandeni gari pamoja mpaka Vigwaza, nauli utoe wewe. Akikataa kwenda na wewe, nenda peke yako. Mzee Abdillah muamkie, ukikaribishwa kiti usikae kwanza, mwambie umesimama kwa sababu umekuja kusema kosa lako na si la fundi. Najua utaona aibu. Umeona haya kusema maisha yako yote na hakuna aliyekufa, safari hii kunyamaza kwako kunamfukuza mtu mjini. Ukirudi Mapinga pitia duka la saruji, waambie na wale. Wakianza kukuita wewe jina la baharini, itika.

Bi Ashura mpelekee kitu kwenye sinia, hata maandazi, ukae naye nusu saa. Mwanamke anayerudisha sinia hadi ndani amekuwa akitafuta sababu ya kuingia, wewe tu hukumwona. Na magharibi kasali msikitini, ukimaliza usikimbilie viatu.

Husseni akipata kazi ya madrasa atahamia Vigwaza, hilo lijue kabla hujafungua mdomo. Ukisema kweli unamwondoa kwako kwa mkono wako mwenyewe. Sema hivyo hivyo. Siku ya kuondoka mbebee begi la vifaa mpaka kituoni, na kabla gari halijaja mwulize kama amekula.

Bi Jokha